Kinywa cha Mtihani

Bwenini, tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Barua hii usimsomee Mama kwenye simu. Ukimaliza kuisoma, ichane.

Fizi zinanitoka damu. Nikipiga mswaki asubuhi povu linageuka jekundu, na juzi niliuma mkate nikauona una alama. Nyuma ya meno ya chini ya mbele kuna kitu kigumu kimeota; nikipitisha ulimi ni kama ukuta ambao haujapigwa lipu. Tena kuna harufu. Hakuna aliyeniambia, ila mwenzangu wa deski, yule tunayemwita Spika kwa kuwa hanyamazi, siku hizi nikimgeukia kumnong'oneza jambo ananipa peremende bila kuombwa. Mtu hapewi peremende nne kwa siku kwa sababu ya mapenzi tu.

Unajua mimi na watu. Mwaka huu ndio kwanza nimejipa moyo: nimechaguliwa kusoma habari mbele ya shule nzima kila Ijumaa. Nimesoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma mkono ukiwa mbele ya mdomo, na mwalimu akaniuliza kama nina kikohozi.

Tarehe 2 Machi linakuja gari la madaktari wa meno hapa shuleni. Wanasafisha bure, na Matroni anaandika majina. Wewe ndiye unayesomea mambo ya meno, kwa hiyo nakuuliza wewe kabla ya mtu mwingine: nijiandikishe?

Mdogo wako,
Profesa


Chuoni, tarehe 17 Februari

Profesa wangu,

Pole. Barua nimeichana vipande vidogo hata panya hawezi kuiunga.

Damu kwenye fizi isikutie hofu, watu wengi wa umri wako wanayo. Lakini nisikilize: usijiandikishe. Hao wa gari wana wanafunzi mia mbili wa kumaliza kwa siku moja. Watakuparura dakika tano na kukuachia vidonda, na wewe kwa aibu yako hutasema hata "aa". Njoo kwangu likizo ya Agosti. Nitakusafisha mimi mwenyewe, saa tatu nzima, jino moja moja.

Sasa nieleze vizuri, kama unavyoelezaga vitabu vyako. Hicho kigumu ni ukoga uliogeuka jiwe. Kipo nyuma ya meno ya chini tu, au hata kwenye magego? Juu pia? Upande wa shavu au wa ulimi? Chukua kioo uyahesabu meno yenye nacho, moja moja.

Nakupenda kuliko vitabu vyako vinavyokupenda.

Dada


Bwenini, tarehe 4 Machi

Dada,

Nimefanya ulivyosema. Nilimwambia Matroni kwamba natibiwa na dada yangu. Gari lilipokuja nikaenda maktaba, nikakaa chini nyuma ya rafu ya kamusi mpaka walipoondoka. Nilikuwa peke yangu shule nzima, mimi na kamusi.

Spika alirudi akiwa na kinywa wazi kama mlango wa duka. "We Profesa, hebu nitazame! Ulimi wangu unateleza! Nikipumua upepo unapita katikati ya meno, nasikia baridi mpaka masikioni. Yaani ni kama nimeazimwa meno ya mtu tajiri!" Alishinda siku nzima akijilamba. Nilimwambia hongera, nikamwonea wivu.

Nimehesabu kwa kioo cha Spika, bafuni, mlango nikiwa nimeufunga. Ni meno kumi na manne. Sita ya chini mbele, upande wa ulimi, yameungana kabisa, huoni mwanzo wala mwisho wa jino. Magego ya chini manne, pande zote mbili. Magego ya juu manne, upande wa shavu.

Kuhusu kusoma habari, nimemwomba mwalimu anipumzishe mpaka Septemba. Nimemwambia koo linaniuma. Nafasi amepewa Spika, naye anasoma kama anatangaza mpira.

Profesa


Chuoni, tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Kumi na manne! Na magego ya juu! Umenieleza vizuri kuliko wenzangu hapa darasani wanavyoeleza.

Usikikwangue kwa kijiti wala kwa kucha. Uzi wa meno pia achana nao, utajikata. Mswaki mara moja kwa siku unatosha, polepole. Maji ya chumvi si lazima. Wewe tulia tu.

Usisikitike kuhusu kusoma. Septemba utasoma mpaka Spika aombe likizo.

Dada


Bwenini, tarehe 19 Juni

Dada,

Jana niliamka nikakuta doa la damu kwenye foronya. Nimeigeuza upande wa pili, lakini Matroni ana macho. Amenishika kidevu, akanifungua mdomo kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Mwanangu, hapa hapasubiri." Ameniandikia ruhusa ya kwenda zahanati Jumamosi yoyote.

Siku hizi nikicheka nafunga mdomo kwanza. Kwa hiyo sicheki. Darasani mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, naliandika kwenye daftari na kumsogezea Spika alisome yeye. Wiki iliyopita alipigiwa makofi kwa jibu langu.

Ruhusa ninayo hapa, ina muhuri. Niende, au nisubiri kweli?

Profesa


Chuoni, tarehe 25 Juni

Profesa,

Usiende! Zahanati watakung'oa tu, ndiyo kazi wanayoijua. Zimebaki wiki nane. Nimeongea na Mama, ameshampigia Matroni na kumwambia dada yako anashughulikia.

Nimekubeba mgongoni tangu hujui kutembea. Unaniamini au huniamini?

Dada


Bwenini, tarehe 1 Julai

Dada,

Nakuamini. Ruhusa nimemrudishia Matroni.

Profesa


Bwenini, tarehe 26 Agosti

Dada yangu mpendwa kuliko wote,

Nimefika salama. Nakuandikia kabla hata sijafungua sanduku, maana nataka kueleza hisia hizi zikiwa bado ngeni.

Ulimi wangu umekuwa mgeni nyumbani kwake. Unazunguka vyumbani ukishangaa: kumbe hapa pana kona, kumbe hapa pana mlango! Yale sita ya chini yalikuwa kitu kimoja, sasa kila moja limesimama peke yake, nami nayahesabu kwa ncha ya ulimi bila kioo. Ni membamba kuliko nilivyofikiri. Nikiyasugua kwa kidole yanalia kama glasi iliyotoka kuoshwa. Nikivuta pumzi upepo unapita katikati, hewa baridi, na nikinywa maji naruka. Fizi zinauma kama goti lililochubuka, lakini ni maumivu masafi, sijui kama unanielewa. Njia nzima nilikuwa natabasamu dirishani nikijiona kwenye kioo, mpaka abiria wa pembeni akadhani namchekea yeye, naye akanichekea, na mimi sikufunika mdomo!

Herufi "s" inatoka tofauti, ina upepo. Nimejifungia bafuni nikasoma gazeti zima kwa sauti. Nitamwambia mwalimu koo limepona.

Hukuniambia kuwa ni siku ya mtihani wako mpaka tulipofika mlangoni, lakini nilikuelewa, ungeniambia mapema nisingelala. Wale wakufunzi wawili sikuwaogopa sana. Yule mwanamke mwenye miwani alinitazama kinywani akakwambia, "Huyu ni mgonjwa mzuri sana," nami nikajikaza nisitikisike hata kidogo ili nisikuangushe. Ila alipofika kwenye yale mawili ya chini katikati alisema fizi zimeshuka na hazitarudi juu, kwamba ningekuja mapema zisingeshuka. Nilitaka kumwambia ni makosa yangu, lakini kinywa kilikuwa wazi na ule mrija wa kunyonya mate ulikuwa ndani. Pole kama nilikutia aibu.

Asante, Dada. Asante kwa zile saa tatu.

Mdogo wako mwenye meno,
Profesa


Chuoni, tarehe 3 Septemba

Mdogo wangu,

Nimefaulu! Wa pili darasa zima! Nimepiga kelele mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani kuna nyoka. Bila wewe nisingefaulu, na siku nikipata kazi, vitabu vyako vyote ni juu yangu.

Kuna karatasi nimeiweka humu ndani. Ni mambo ya ofisi tu, kila mgonjwa wa mtihani anajaza. Kwa kuwa umeshatimiza miaka kumi na minane, haina haja ya kumsumbua Mama. Weka sahihi pale chini penye msalaba, unirudishie mimi kabla ya tarehe 20 Oktoba. Usijichoshe kuisoma, ni maneno yale yale ya kiofisi.

Dada


Chuoni, tarehe 5 Septemba

Kwa mdogo wa mwenzangu,

Hatujuani vizuri. Mimi ndiye ninayelala kitanda cha juu chumbani kwa dada yako, yule aliyekupa taulo Agosti. Hapa wananiita Chapuchapu, kwa kuwa nafanya mambo mbio, na ndiyo sababu mtihani wa vitendo umenitupa nje. Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha iliyokuwa mezani. Dada yako hajui kama nakuandikia, usinisemee.

Shida yangu ni hii. Mtihani wetu kila mtu anajiletea mgonjwa wake, na lazima awe na ukoga mgumu kwenye meno kumi na mawili au zaidi. Akiwa na pungufu, wakufunzi wanamkataa pale pale mlangoni na wewe unarudia mwaka. Mimi nilimleta mlinzi wa lango. Bwana huyo akaona aibu kuja na meno machafu, akaenda kusafishwa siku moja kabla! Nilitaka kulia, nikacheka, halafu nikalia.

Dada yako alipotuambia Machi kwamba mdogo wake ana kumi na manne na amekubali mwenyewe kukaa hivyo mpaka Agosti, bila kusafishwa popote, tulimwonea wivu wote. Tulikuwa tunamuuliza kila wiki, "Kinywa chako cha mtihani kinaendeleaje?" Naye anasema, "Kiko salama, nimekihifadhi." Nilipokuona nikasema moyoni, huyu mtoto ana roho ya ajabu. Mimi hata kwa mama yangu mzazi nisingekubali.

Basi nauliza: huko shuleni huna mwenzako mwenye kinywa kama kilivyokuwa chako, naye mwenye moyo kama wako? Marudio ni Februari.

Wako katika shida,
Chapuchapu


Bwenini, tarehe 14 Septemba

Dada,

Nimepata barua kutoka kwa mtu wa chumbani kwako. Usimgombeze. Alidhani najua.

Nimezisoma barua zako zote tena, nimezipanga kwa tarehe juu ya kitanda. Nilikuwa nazihifadhi kwa sababu ni zako. Februari uliniambia nihesabu meno, nikadhani unanionea huruma, kumbe unaangalia kama natosha. Machi ulisema "Kumi na manne!" na alama ya mshangao. Ulisema mswaki mara moja, uzi niache, chumvi si lazima. Nimekwenda kumuuliza Matroni. Amesema hakuna mtu wa meno duniani anayeweza kusema hivyo, labda awe amelewa. Nilimwambia nimesahau nilisoma wapi.

Ile methali ya kikulacho nimeiandikia insha mara tatu, na mara zote nilipata alama nzuri. Sikujua nilikuwa naandika nini.

Ulimwambia Mama nini? Uliwaambia wenzako kwamba nimekubali, mimi niliyekuwa nalala na kitambaa mdomoni ili nisichafue foronya.

Mpaka juzi nilikuwa nayapenda haya meno. Sasa ulimi ukipita pale katikati pa chini, penye lile pengo jipya, nauondoa.

Dada, ulinifuga.

Mimi


Chuoni, tarehe 22 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nne.

Sitakudanganya. Barua yako ya Februari ilinifika siku ile ile tuliyogawiwa masharti ya mtihani. Nilikuwa nayo mfukoni, na masharti mkononi. Mara ya kwanza niliisoma kama dada. Mara ya pili niliisoma na ile karatasi pembeni.

Hujui hapa palivyo. Watu wawili wamerudia mwaka kwa kukosa mgonjwa. Wengine wanasimama kituo cha mabasi wakiwachungulia watu midomo, wanatukanwa. Mama anakopa ili mimi nisome. Nikirudia mwaka ni nani angelipia wako? Na mwisho wa yote si nilikusafisha? Ni nani mwingine angekaa saa tatu na kinywa chako? Wewe mwenyewe uliandika asante, barua ninayo.

Ile fizi kidogo iliyoshuka haionekani mtu akikutazama. Na ningekuuliza ungekataa. Nakujua wewe, ungewaogopa wakufunzi, ungejificha na mimi ningekosa vyote.

Nisamehe. Na ile karatasi tafadhali usiisahau, bila hiyo cheti hakitoki.

Dada


Bwenini, tarehe 30 Septemba

Dada,

Ulikosea. Ningekubali.

Nimekaa wiki nzima nikijaribu kupata jibu jingine, kwa sababu lingenipunguzia maumivu, lakini ni hilo hilo. Ungeniandikia, "Mdogo wangu, nina mtihani, kinywa chako kinaweza kuniokoa, kitakuuma, fizi zinaweza kushuka, utakubali?" ningekujibu siku hiyo hiyo. Ningeona fahari. Ningekaa nyuma ya kamusi nikijua kwa nini nimekaa. Foronya ningeigeuza bila kulia. Ningemwambia hata Spika, naye angetangaza shule nzima kwamba mimi ni shujaa. Ningekupa miezi sita kwa hiari yangu, wewe ukaona afadhali kuichukua.

Karatasi nimeisoma. Uliniambia nisijichoshe, lakini unajua mimi nasoma hata maandishi ya nyuma ya dawa ya meno. Inasema: "Nilielezwa kabla, kwamba nachelewesha matibabu kwa ajili ya mtihani, na nilikubali kwa hiari." Chini yake penye msalaba ndipo pa sahihi.

Neno "kabla" nimelikata mstari mmoja kwa rula, juu yake nimeandika "baadaye". Maneno "na nilikubali kwa hiari" nimeyakata pia. Halafu nimeweka sahihi yangu kamili, kama ulivyoomba. Sijaipeleka kwa wakufunzi wala sijamwambia Mama. Nimeirudisha kwako. Utakachoifanyia ni shauri lako.

Mwenzako wa chumbani nimemjibu. Kuna msichana wa kidato cha kwanza mwenye kinywa kama kilivyokuwa changu. Nilimweleza kila kitu, hata lile pengo nilimwonyesha. Alikataa, na tulikwenda pamoja kwa Matroni kuomba ruhusa ya zahanati. Walimsafisha. Hawakumng'oa hata jino moja.

Mdogo wako


Chuoni, tarehe 9 Oktoba

Profesa,

Nimepata karatasi. Naona ulikosea kuijaza, labda ulikuwa na haraka ya vipindi. Karatasi yenye maneno yaliyokatwa haipokelewi. Nimekuombea nyingine ofisini, hii hapa, safi kabisa. Ijaze taratibu.

Zimebaki siku kumi na moja. Mama ameshawaambia majirani kwamba namaliza. Ameshonesha gauni.

Usiniangushe.

Dada


Bwenini, tarehe 15 Oktoba

Dada,

Sikukosea.

Ile ya kwanza niliijaza Jumapili, siku isiyo na vipindi, mezani maktaba, na rula niliazima kwa Spika. Hii ya pili nimeijaza leo vilevile: mstari mmoja kwenye "kabla", mstari mmoja kwenye "na nilikubali kwa hiari", sahihi yangu penye msalaba. Nimeikunja mara mbili, haina hata alama ya kidole.

Sitaki ukose cheti. Nimejaribu kutaka, sikuweza, bado wewe ni dada yangu. Lakini mara ya kwanza ulisema nimekubali bila kuniuliza. Mara ya pili unanitaka niseme mimi mwenyewe. Kwa ile ya kwanza sikuwa na la kufanya.

Ofisi ipo ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya ile sinki ndefu mnayonawia mikono, niliuona Agosti. Si mbali na chumba chenu. Unaweza kuipeleka kabla ya chakula cha mchana na kuwaeleza, au unaweza kuomba karatasi ya tatu. Ukinitumia ya tatu nitaijaza hivi hivi, na ya nne pia.

Kalamu ninayo.

Mdogo wako